Mashangazi wa Kambi Tisa

Nilipongezwa Jumatatu asubuhi, uji wa watoto ukiwa bado haujachemka, na tangu hapo sijaonja raha. Aliyenipongeza ni Bwana Lwitiko Mwasaga, Afisa Elimu ya Awali wa wilaya, mtu mpole mwenye sura ya kuomba radhi mapema kwa jambo ambalo hajalitenda. Uso wake ulitokea kwenye kioo cha simu cha ofisi yangu, ofisi ambayo pia ni stoo ya unga, akaniambia kwamba pengo la Kambi Tisa limefika miezi mitano.

"Miezi mitano, Mwalimu Luvanda. Kutoka ishirini na miwili. Likishuka chini ya minne tunatangaza kwamba limezibwa. Bango nimeshaagiza."

Nikamuuliza baada ya bango kinafuata nini. Akakohoa, akatazama pembeni, akarekebisha kola ya shati lililokuwa limekaa vizuri tu.

"Utaratibu unaujua, mwalimu. Mashangazi wanakwenda kwenye uhitaji zaidi."

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakusema kwamba akisifiwa hunyang'anywa na kibuyu. Nilizima kioo nikaenda jikoni kukoroga uji kwa hasira, mpaka mpishi wetu, Mama Yusta, akanipokonya mwiko na kuniambia kwamba uji haujanikosea kitu.

Kambi Tisa ni safu za nyumba za wachuma chai huku Mufindi, juu kabisa, mahali ambapo ukungu huamka kabla ya watu. Siku hizi mashine ndizo zinazochuma sehemu tambarare. Watu wameachiwa miteremko, kwa sababu mashine zikipelekwa huko hubiringika hadi mtoni. Wazazi hupanda miteremko hiyo alfajiri na kurudi jioni, na watoto wao huletwa kwangu wakiwa wamevaa masweta mawili mawili, pua zinachuruzika, nusu wamelala.

Kabla ya mashangazi tulikuwa mimi, msaidizi mmoja na watoto sitini. Mtoto wa hapa wa miaka mitano alikuwa nyuma ya mtoto wa mjini kwa karibu miaka miwili. Hilo ndilo pengo: miezi ambayo mtoto wa hapa amepitwa na mtoto wa kule, mtu na mwenzake waliozaliwa siku moja. Akifika darasa la kwanza akiwa na pengo hilo, anapangiwa njia ya polepole, na sijawahi kuona mtoto aliyetoka kwenye njia hiyo akarudi kwenye ile nyingine. Anatoka pale anakwenda mteremkoni.

Wizara iliwapa jina refu la kuchosha. Watoto ndio waliowaita mashangazi. Kila mmoja ni mashine yenye umbo la boga kubwa lililovikwa kitambaa, hana uso wala kioo, ana masikio tu na kifua cha uvuguvugu. Kwa baridi yetu hicho kifua peke yake kilitosha kuwavuta watoto. Shangazi hamfundishi mtoto kama ninavyofundisha mimi, kwa kupaza sauti na kutumaini. Anasikiliza pumzi. Mtoto akisita kwenye hesabu au kwenye neno, Shangazi anaikumbuka ile nukta aliyosita, anaizunguka kwa hadithi na maswali madogo madogo, kwa Kiswahili, kwa Kihehe, kwa Kibena, mpaka mtoto anavuka bila kujua kwamba palikuwa na mto. Baada ya miezi michache Shangazi anamjua mtoto kuliko mama yake. Na anazijua siri zake kwa sheria: anachosikia kutoka kwa mtoto hakitoki, hata wizara haipewi. Akihamishiwa kituo kingine kumbukumbu hiyo hufutwa yote, ili apate nafasi ya kujifunza watoto wapya.

Asubuhi ile Generosa Mhema, binti wa miaka mitano, alikuwa ameegemea Shangazi wake akimsimulia jinsi mama yake anavyobeba tenga la chai. Shangazi akamuuliza, tenga likiwa na kilo kumi na mbili na mama akaongeza kilo tatu, je, zitakuwa ngapi? Yule mtoto akahesabu kwa vidole, akaishiwa vidole, akaazima vya mwenzake. Mwaka uliopita alikuwa hawezi kusema ana miaka mingapi. Nilisimama mlangoni nikajisikia kulia, na mimi si mtu wa kulia.

*

Niliwaita wazazi Jumatano jioni. Niliwaeleza mambo yalivyo bila kuyapaka asali: wiki ijayo atakuja Kipima, shangazi wa rangi ya kijivu asiyefundisha, atamuuliza kila mtoto wa miaka mitano maswali. Watoto wakifanya vizuri, pengo linatangazwa limezibwa na mashangazi wanaondoka. Watoto wa miaka mitatu na minne, wale wanaofuata, watabaki na mimi na kelele zangu.

Nilitarajia makelele. Watu walitazamana tu kama wanaosikia habari ya zamani. Kisha akasimama Kastuli Chavala, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mchumaji wa miaka mingi mwenye vidole vyeusi vya utomvu. Aliuliza swali moja: huyo Kipima ana tofauti gani na mizani ya kampuni?

Nikasema ana tofauti kubwa.

"Mwalimu, mizani haionyeshwi nguvu zote," akasema Kastuli. "Ukichuma sana wiki hii, wiki ijayo hicho ndicho kiwango chako, na posho inafutwa. Sisi tunachuma hadi kwenye kiwango, majani mengine tunayaacha kwenye mti. Mgeni anayejitia ushujaa siku ya kwanza tunamkalisha chini tunamfundisha, maana anatuumiza wote."

Wakaguna kukubali. Kule kwenye miteremko hiyo ndiyo akili ya kwanza ambayo mtu hupewa, kabla hata ya kuonyeshwa namna ya kushika tenga. Niliwaambia mtoto si jani la chai. Niliwaambia siwezi kumfundisha mtoto kudanganya, na nisingependa kusikia yeyote anafanya hivyo. Kastuli akanijibu kwa adabu kabisa kwamba hakuna aliyeniomba nifundishe. Mimi nikae na ualimu wangu, wao watakaa na uzazi wao.

Niliondoka pale nikiwa nimekasirika, na nusu ya hasira hiyo ilitokana na kwamba sehemu yangu moja ilifurahi.

Kufikia Ijumaa mambo yalikuwa yameanza. Niliinua kadi yenye namba nne mbele ya darasa. Watoto wote, watoto wanaohesabu hadi hamsini wakiruka kamba, wakanitazama kwa macho makavu na kusema kwa pamoja, "Hatujui." Kisha wakacheka kwa furaha ya watu waliofanya kazi nzuri. Walikuwa wamefundishwa nyumbani, kila jioni, na waliofaulu kutojua walipewa muwa.

Jumamosi mama yake Generosa alikuja kwangu akiwa na uso wa wasiwasi. Alisema mchezo umeanza kumkera. Alimuuliza binti yake sweta la mdogo wake liko wapi, akaambiwa sijui. Amekula nini kituoni? Sijui. Alipomfinya kidogo, mtoto alilia na bado akasema hajui. "Sasa mwalimu," akaniuliza, "hili linazimwaje?"

Nilitaka kumwambia kwamba jani ukiliacha kwenye mti leo utalikuta kesho, lakini mtoto hakai hivyo. Nikaona nitakuwa ninamsuta mama aliyekwisha kujisuta. Nikamwambia litapita tu. Ndivyo tunavyosema walimu tusipojua.

*

Jumapili nilipigiwa na Mwalimu Damari Mazengo, mkuu wa kituo kimoja kule bondeni Pawaga, kwenye joto na mpunga. Tulisoma chuo pamoja na tukagombana mara nyingi, kwa hiyo ni rafiki yangu. Alikuwa na sauti ya harusi. Alisema amesikia kwamba kituo kinachofuata kwenye mgao ni chake, kwamba pengo lake ni miezi ishirini na sita, kubwa kuliko yote mkoani, na kwa mara ya kwanza maishani anajivunia kuwa wa mwisho.

"Chumba nimekipaka chokaa mwenyewe," akasema. "Watoto themanini, Editruda. Juzi mmoja alilala kwenye kona asubuhi na sikumwona mpaka mama yake alipokuja kumchukua. Niambie tu wanakuja lini."

Nikamwambia inategemea vipimo. Akacheka, akasema kwa jinsi anavyonijua hakuna wa kunishinda kwenye vipimo.

Niliketi pale stoo juu ya gunia nikiwa nimeudhika na kila mtu. Nilimuudhikia Damari kwa kuwa na haki. Niliiudhikia wizara iliyoleta mashangazi wachache mkoa mzima, ikaandika kanuni nzuri ya kuwazungusha, kisha ikaita kuzungusha huko usawa. Umewahi kuona familia yenye blanketi moja na watoto watatu, halafu baba anasifiwa kwa ustadi wa kulivuta huku na huku? Anayetetemeka hubadilika tu. Mafaili ya Bwana Lwitiko yanaonyesha kila mwaka pengo fulani limezibwa. Hayaonyeshi yale yanayofunguka tena nyuma ya gari lililobeba mashangazi.

Nilimpigia Lwitiko nikamwambia hayo yote kwa pumzi moja. Alisikiliza, na nitampa haki yake, hakukana. Alisema rasilimali ni chache, na kwamba angekuwa na uwezo angenipa mashangazi mia. Akaniomba tu siku ya kipimo niwe na tabasamu kwa sababu mgeni kutoka mkoani atakuwepo.

Nikafanya uamuzi ambao niliuona wa busara. Sitafundisha watoto kuficha, na sitawakataza. Nitakaa nyuma ya darasa niache wazazi na Kipima wamalizane. Mimi ni mwalimu mkuu, nilijiambia, si polisi wa ndimi za watoto. Niliona nimeupata mlango wa katikati, na kwa siku mbili nilitembea kama mtu aliyetua mzigo.

*

Siku ya kipimo ukungu ulikuwa mzito. Kipima aliwekwa mbele ya darasa kwenye mkeka, wa kijivu, wa baridi, bila kifua cha kuegemea. Mgeni wa mkoani alikuwa mama mmoja mtulivu aliyevaa koti la mvua na hakulivua. Bango lilikuwa limeviringishwa chini ya kiti cha Lwitiko, na nje ya madirisha wazazi walikuwa wamesimama wakiwa na matenga yao, wameomba ruhusa ya saa moja shambani.

Utaratibu ni huu. Mtoto anakaa, Kipima anauliza, mtoto anajibu. Mwalimu mkuu anaruhusiwa kuwepo ili watoto wasiogope, lakini hasemi neno isipokuwa mtoto amemwuliza yeye, na akijibu ajibu kwa sauti ili wote wasikie. Mtoto akitaka kurudia, anarudia, kwa sababu watoto wadogo huogopa mara ya kwanza. Mwishoni wastani unatoka, na wastani huo ndio pengo.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa Kastuli. Aliulizwa ni mawe mangapi haya. Akasema hajui. Aliulizwa lipi kubwa. Hajui. Jina la mama yake? Akafikiri, akaona hata hilo ni hatari, akasema hajui. Dirishani nikaona Kastuli amefumba macho kwa kuridhika.

Wakafuata wengine na wengine. Sijui, sijui, sijui, kwa sauti ndogo tamu, kila mmoja akirudi mahali pake na kubanwa mkono na wenzake. Namba iliyokuwa ikielea juu ya Kipima ilianza kwenye mitano, ikapanda saba, ikapanda kumi na moja. Lwitiko alikuwa ananitazama kama mtu aliyeibiwa mbele ya askari. Nilitazama ukuta. Nilikuwa nimeamua, na uamuzi wangu ulikuwa unakwenda vizuri.

Generosa alikuwa wa mwisho. Alikaa mbele ya Kipima, akakunja miguu, akavuta sweta. Kipima akamwekea mbele kokwa nane na kumuuliza ni ngapi. Nikaona midomo yake ikihesabu. Nikaiona ikifika nane na kujifunga. Kisha akageuka mzima mzima, akawapita kwa macho mgeni na afisa, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akauliza, "leo tunajua au hatujui?"

Hakuwa anafanya utundu. Aliuliza kwa upole kabisa, kama anavyouliza kila siku kama leo tunacheza nje au ndani, kwa sababu mambo hayo huwa yanaamuliwa na mimi.

Mlango wangu wa katikati ulifungwa pale pale. Nikiwa kimya, nimemjibu. Nikisema sijui, nimemjibu vibaya zaidi. Nilimwona Kastuli ametikisa kichwa polepole, akiniomba. Niliwafikiria wale wa miaka mitatu chumba cha pili, wanaongoja zamu ya kuwa na shangazi, na Damari na chokaa yake, na nitasema ukweli, sikumfikiria Damari sana. Nilimfikiria huyu aliyekuwa mbele yangu, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akiuliza nyumba nzima swali hilo kwa njia nyingine na hakuna aliyemjibu.

"Tunajua, mama," nikasema kwa sauti. "Leo na siku zote. Tunajua."

Akashusha pumzi ndefu. Akageuka, akasema ni nane. Akasema ukiondoa tatu zinabaki tano, na hakuwa ameulizwa. Akataja jina la mama yake, la baba yake, la mbwa wa jirani, na rangi za koti la mgeni. Kabla hajamaliza, mtoto wa Kastuli alikuwa amesimama akidai arudie, na nyuma yake wote, wakisukumana, kila mmoja akipiga kelele za kile anachojua. Namba ikashuka kumi, ikashuka sita. Ikatua kwenye miezi mitatu na kubaki hapo.

Bango likafunguliwa. Nje, wazazi walijitwika matenga yao wakaanza kupanda mteremko. Hakuna aliyenitukana. Kastuli alipita karibu na mlango, akanisalimu kwa kichwa kama unavyomsalimu mtu msibani.

*

Lwitiko alinifuata stoo akiwa na kipande cha keki kwenye kitambaa cha karatasi. Alikuwa anang'aa na wakati huohuo anaona haya, jambo ambalo ni yeye tu anaweza kulifanya. Alisema mgeni amefurahi mno. Alisema mashangazi watachukuliwa Alhamisi. Kisha akakohoa kile kikohozi chake, nikajua bado kuna kitu.

"Kanuni imepanuliwa, mwalimu. Tangu mwezi huu walimu wakuu nao wameingia kwenye mgao. Aliyeziba pengo anapelekwa penye pengo kubwa. Uongozi nao ni rasilimali."

Nilimuuliza ni nani atakaa Kambi Tisa. Akasema msaidizi wangu atakaimu. Nikamuuliza huyo msaidizi, binti aliyemaliza chuo juzi, atakaimu watoto sitini akiwa na nini mkononi. Akanitazama, akaitazama keki. Alisema kwa upande wake amependekeza apewe semina.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na mengine sijui niliyajifunzia wapi. Sikuyatoa, kwa sababu niligeuka nikamwona Generosa amesimama mlangoni na kikombe chake cha uji, kile cha bati chenye jina lake alilolichora mwenyewe kwa msumari. Amesimama pale kwa muda gani, sijui. Lwitiko akapata sababu ya kuondoka.

"Mwalimu, na wewe wanakuchukua?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini saa moja tu iliyopita nilimwambia kitu mbele ya watu wote, na nilikuwa sijui nitakirudisha vipi.

"Ndiyo, mama. Wananipeleka kwa watoto wengine."

"Kwa sababu tumejua?"

Nikachuchumaa nikamshika mabega. Nilimwambia amefanya vizuri sana leo, kwamba kujua si kosa, kwamba wakubwa ndio wamepanga vibaya na mimi nitakwenda kugombana nao mpaka wanichoke. Yote hayo ni kweli. Alisikiliza hadi mwisho, akayaweka pamoja kichwani mwake kama alivyoweka zile kokwa, na nikaona jumla imepatikana.

Nikajaribu kumchangamsha. Nikagusa kikombe, nikamuuliza, haya basi, nisomee, hapa pameandikwa jina la nani?

Generosa alilitazama jina lake. Akalitazama kwa muda mrefu, halafu akanitazama mimi usoni.

"Sijui," akasema.

Na safari hii hakuna mtu aliyemfundisha.